Jana Ulisikiliza Redio Gani?

Lilikuwa swali la saba kwenye fomu. "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulisikiliza redio gani?" Chini yake majina ya vituo yalipangwa safu, na mbele ya kila jina kulikuwa na visanduku vya saa: saa kumi na mbili mpaka saa moja, saa moja mpaka saa mbili, hivyo hivyo mpaka usiku. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama ya vema.

Hapo ni Nyarugusu, mwaka 2007. Wadadisi tulikuwa vijana sita. Tulichaguliwa kwa sababu tulijua kusoma na kuandika vizuri na, tuseme ukweli, kwa sababu tulifahamiana na aliyekuwa anaorodhesha majina. Malipo ya siku yalitosha kilo ya sukari na mche wa sabuni, na kwa kijana ambaye hajawahi kulipwa chochote hiyo si pesa ndogo. Tena tulipewa kofia. Kofia nzuri, ina jina la redio mbele. Nitairudia hiyo kofia.

Miaka mingi nilidhani swali la saba ni la kwetu, kwamba kuna mtu wa ofisini alilitunga kwa ajili ya wakimbizi. Siyo. Lina historia ndefu, na kwenye historia hiyo wakimbizi tumo, tena si upande wa kuulizwa tu. Ndiyo maana naiandika hapa.

Redio ilipoenea Marekani miaka ya 1920, hakuna aliyejua nani anasikiliza. Gazeti unahesabu nakala zilizouzwa, lakini redio inatupa sauti hewani na hairudi na habari. Vituo vilihesabu barua. Ukipata magunia ya barua, unasema unapendwa. Shida ni kwamba anayeandika barua ni mtu wa aina yake: ana kalamu, ana stempu, ana nafasi, na mara nyingi ana hasira. Wafanyabiashara waliokuwa wanalipia matangazo hawakuridhika. Mwaka 1930 Archibald Crossley akaanza kupigisha simu majumbani: jana ulisikiliza nini? Huyo ndiye babu wa swali la saba. Miaka minne baadaye akaja C. E. Hooper na ubishi wake. Mtu husahau ya jana, alisema; muulize ya sasa hivi, redio yako imewashwa au imezimwa, na kama imewashwa iko kituo gani? Wakashindana, kila mmoja na namba zake, na kituo kilichoshindwa kwa huyu kilikimbilia kwa yule. Kundi la Crossley lilifunga mwaka 1946.

Lakini wote wawili walikuwa na tundu lile lile. Waliofikiwa ni wenye simu. Miaka ile ya 1930 ilikuwa ya dhiki kubwa kule, na familia iliyokosa pesa ilikata simu kabla ya kuuza redio. Yaani yule aliyekaa nyumbani bila kazi, redio ikiwa ndiyo starehe yake pekee, ndiye hakuhesabiwa.

Msidhani ni mambo ya kale. Leo vituo vya Kenya na Tanzania vinapimwa pia kwa simu za mkononi. Kampuni kama GeoPoll hutuma maswali kwa ujumbe mfupi. Ni haraka na ni rahisi. Ila laini ya simu inataka usajili, na usajili unataka kitambulisho. Kambini wengi wanatumia laini ambayo kwenye vitabu ni ya mtu mwingine. Mama wa miaka sitini kutoka Fizi akijibu ujumbe ule, kwenye hesabu huenda akaonekana ni kijana wa Kasulu mwenye duka.

Kuna ambao walitaka kumwondoa mtu kabisa kwenye hesabu, iulizwe mashine. Kampuni ya Nielsen ilifunga kifaa kwenye redio za watu kuanzia mwaka 1942, kinaandika chenyewe redio ilipowashwa na kituo ilichoshika. Miaka mingi baadaye kampuni ya Arbitron ikaleta kidude cha kuvaa kiunoni kama simu, kinachosikia kila redio unayopita karibu nayo. Wakati wa daftari, ambapo msikilizaji aliandika mwenyewe kwa wiki nzima, watu walijaza vituo viwili vitatu wanavyovipenda. Kidude kilionyesha watu wanapita vituo vingi zaidi, kwa muda mfupi zaidi. Mara moja vituo vya Wamarekani weusi na vya wanaozungumza Kihispania vikaporomoka. Wenyewe walilalamika kwamba vidude havikugawiwa sawasawa, watu wao walikuwa wachache kwenye sampuli. Oktoba 2008 wanasheria wakuu wa New York na New Jersey walikwenda mahakamani, na Januari 2009 kampuni ikakubali kurekebisha. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe hata New York redio ya watu wachache inaweza kufa kwa sababu ya nani aligawiwa kifaa na nani hakugawiwa.

Sasa nije kwa mkimbizi niliyemtaja.

Jina lake Paul Lazarsfeld, Myahudi wa Vienna. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kituo chake cha utafiti kilifanya kazi kwa redio ya Austria, na majibu ya wasikilizaji zaidi ya 100,000 yakachambuliwa. Hakutaka kujua tu nani anasikiliza nini. Alitaka kujua mfanyakazi anasikiliza nini, mwanamke, mzee, aliyesoma na asiyesoma. Yeye na wenzake ndio pia walioandika juu ya Marienthal, kijiji ambacho kiwanda kilifungwa na watu wote wakabaki bila kazi. Mwaka 1933 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo. Mwaka uliofuata siasa za kwao zikaharibika, chama chake kikapigwa marufuku, jamaa zake wakaanza kukamatwa, naye akabaki huko huko. Si unaijua hiyo hali? Umesafiri na begi moja, nyumbani panafungwa nyuma yako.

Mwaka 1937 akapewa kuongoza ofisi ya utafiti wa redio. Ofisi hiyo ilijaa watu waliokimbia. Herta Herzog, naye wa Vienna, alikaa na akina mama wa Marekani akiwauliza kwa nini kila siku wanasikiliza michezo ya kuigiza ya mchana ambayo wasomi waliidharau. Hakuwahesabu tu, aliwasikiliza. Wakamwambia wanalia humo kilio chao wenyewe, wanapata mawazo ya namna ya kuishi na mume au mtoto. Na Theodor Adorno, aliyekimbia Ujerumani, aliwekwa kwenye upande wa muziki. Huyo hakudumu. Kulikuwa na mashine yenye vitufe viwili, cha kijani unabonyeza ukipenda, chekundu ukichukia. Adorno aliona ni upuuzi kudhani kwamba muziki unavyomfanya mtu utajulikana kwa kitufe. Wakagombana, fedha zikaisha, akaondoka. Mimi nimefanya kazi ya vitufe na bado namwona ana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba asiyehesabiwa hatengewi kitu.

Kabla sijaingia kwetu, lazima nieleze jinsi redio mbili zinavyoweza zote kuwa za kwanza bila yeyote kusema uongo, maana hapo ndipo wengi tunapopotezwa. Chukua uwanja mmoja wa watu 10. Redio ya kwanza inasikilizwa na watu 8, kila mmoja dakika 15, taarifa ya habari tu, kisha wanazima kulinda betri. Redio ya pili inasikilizwa na watu 3 tu, lakini hao ni vijana wa kinyozi, wanaiacha saa tatu nzima. Ukihesabu watu waliofikiwa, ya kwanza ina asilimia 80, ya pili 30. Ukihesabu muda, ya kwanza ina dakika 120, ya pili 540, kwa hiyo ya pili ina zaidi ya asilimia 80 ya muda wote uliosikilizwa. Kila redio itaandika kwenye ukuta wake, "Namba moja." Uingereza shirika la RAJAR hutoa namba zote mbili pamoja, na kwao msikilizaji ni mtu wa miaka 15 na kuendelea aliyesikiliza angalau dakika tano katika wiki. Dakika tano! Sasa mtu akikuletea asilimia, muulize: asilimia ya nini, ya nani, na hao watoto wa miaka 12 wanaobeba redio nyumba mpaka nyumba wamewekwa wapi.

Kwetu, ukanda huu wa Maziwa Makuu, ushindani wa redio haukuanza na biashara. Ulianza na damu. RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali Julai 1993, na muziki wake ulikuwa mtamu, ucheshi mwingi, watangazaji wanaongea kama mtu wa mtaani, wakati redio ya serikali ilikuwa inasoma hotuba. Ilivuta watu kwa njia ile ile redio yoyote inavyovuta watu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 swali la wasikilizaji likawa swali la mahakama. Mahakama ya Arusha ilitoa hukumu Desemba 2003 kwa wakubwa wawili wa redio hiyo na mwenye gazeti la Kangura. Lakini wasomi hawajaacha kubishana: redio ilisukuma watu wangapi? Scott Straus alikwenda magerezani Rwanda akawauliza wafungwa zaidi ya 200 waliokiri. Wengi walimwambia hawakuingia kwa sababu ya redio. Walifuatwa na watu, uso kwa uso, na viongozi na majirani. David Yanagizawa-Drott akaenda njia nyingine kabisa. Hakuuliza mtu. Alichukua ramani ya milima, akapiga hesabu ni vijiji gani mawimbi ya RTLM yalifika na vipi vilikingwa na kilima, kisha akalinganisha na idadi ya walioshtakiwa kila mahali. Mwaka 2014 akatoa jibu: karibu asilimia 10 ya ushiriki ilitokana na redio. Mmoja aliuliza mdomo, mwingine akauliza mlima. Na mdomo wa mtu aliye gerezani, tunajua, unachagua la kusema. Lakini mlima nao haujui kama redio ya kijiji ilikuwa na betri.

Miezi ile ile ya 1994 zikazaliwa redio za namna nyingine. BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, na kipindi kikaitwa Gahuzamiryango, kinachounganisha familia, kwa sababu kilikuwa kinasoma majina ya watu waliopotezana. Bukavu ikaanza Radio Agatashya, ambayo waanzilishi wake baadaye waliunda Fondation Hirondelle, na hao pamoja na Umoja wa Mataifa ndio waliozindua Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002. Agatashya yenyewe ilizimwa na vita vya 1996, vita vilivyonitoa mimi Uvira nikiwa na miaka 10. Ngara, upande wa Tanzania, mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera. Kwizera ni matumaini.

Redio hizi hazikuuza sabuni. Zililipiwa na wafadhili, na mfadhili naye anataka kujua nani anasikiliza. Kwa hiyo swali la Crossley likavuka bahari likaja kwenye turubai. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara akikosea hesabu anapoteza pesa yake. Mfadhili akikosea, anayepoteza ni mwingine.

Basi turudi Nyarugusu na ile kofia. Kila mwongozo wa utafiti wa wasikilizaji utakuambia jambo moja: anayeulizwa asijue nani amelipia kazi. Sisi tuliingia uwanjani na jina la redio kwenye paji la uso. Mtu hajakaa vizuri ameshasema, "Hiyo hiyo yenu." Tena akaongeza, "Na mahindi ya mwezi huu yatatoka lini?" Kwa sababu kwa mkimbizi, mtu mwenye kalamu na karatasi ni mtu mmoja, hata akibadilisha kofia mara kumi. Unamjibu kitakachokufaa. Mzee mmoja Mrundi alinikatalia kabisa. "Mtoto wangu," akasema, "mwaka 1972 waliandika majina. Mimi sisikilizi redio." Ndani ya nyumba yake redio ilikuwa inaongea. Niliisikia, naye aliona kwamba nimeisikia. Niliandika, "Hasikilizi."

Nyumba yetu wenyewe ilikuwa kwenye orodha yangu, nikamuuliza koko. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi sisi wa Kongo, alikuwa na redio ndogo ya mawe mawili, antena ilishavunjika ikaunganishwa na waya. Mawe yakichoka aliyaanika juani juu ya bati, yakipata uhai wa robo saa anafurahi.

"Koko, jana ulisikiliza redio gani?"

"Jana? Jana mawe yalikufa."

"Kwa hiyo hukusikiliza."

"Nilisikiliza. Nilikaa hapa saa yake mpaka ikaisha."

"Koko, redio ilikuwa imezimwa."

"Mie najua imezima. Lakini ile saa inaitaka majina, je wakimutaja mama yako, mimi nikuwe wapi? Shambani?"

Mama alibaki njiani mwaka 1996, kati ya Uvira na ziwa. Kwenye fomu hakukuwa na kisanduku cha mtu aliyekaa mbele ya redio iliyokufa. Niliweka alama kwenye "Hapana".

Siku ya tatu ilinyesha. Nilibakiwa na fomu 14 za kijiji cha mbali, njia ni utelezi mtupu, na jioni gari la ofisi lilikuwa linaondoka. Wenzangu wawili nao walikuwa na zao. Tulikaa kwenye baraza la kanisa, tukazijaza. Nani angejua? Tulitunga wababa, tukatunga wamama, tukawapa umri, tukawapa redio. Tulijiona mafundi: hatukuweka kila mtu kwenye redio ya kofia, tukawagawia wengine BBC, wengine Sauti ya Amerika, mmoja nikampa redio ya Ujerumani kwa sababu jina lake nililomtungia lilikuwa la mwalimu. Sijawahi kuandika jambo hili mahali popote.

Na kosa kubwa wala halikuwa hilo. Utafiti wetu ulifanyika Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Swali ni "jana". Kwa hiyo siku zilizopimwa ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kipindi cha Jumamosi alasiri, kile cha salamu na matangazo ya kutafutana kwa Kibembe na Kifuliru, hakikuwa na njia ya kupata hata alama moja, hata kama kambi nzima ilikuwa inakisikiliza. Ndiyo sababu wenye kazi yao hutumia daftari la siku saba, au hugawa mahojiano ili kila siku ya wiki iulizwe. Sisi tuliletewa siku tatu kwa sababu gari lilikuwa na siku tatu.

Baada ya miezi mitatu minne kile kipindi kiliondolewa, mahali pake pakawekwa muziki. Kijana mmoja aliyekuwa anasaidia studio alituambia kwa upole tu, bila kujua anamwambia nani: "Hakina wasikilizaji. Karatasi zilionyesha sifuri." Jumamosi ile koko aliwasha, mawe mapya kabisa niliyomnunulia kwa ile pesa ya fomu, akasikia gitaa. Akadhani ni kosa la mtambo. Alisubiri Jumamosi nne.

Watu wa Burundi wana hesabu yao, na kwangu hiyo ni hesabu ya kweli kuliko zote nilizosoma. Radio Publique Africaine, RPA, ilianzishwa Bujumbura mwaka 2001 na Alexis Sinduhije. Ilikuwa inashindana na Bonesha, Isanganiro, redio ya taifa, baadaye Renaissance na Rema FM. Kila mtu Bujumbura alikuwa na maoni yake nani anaongoza. Januari 2015 mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alikamatwa baada ya redio kutangaza habari za kuuawa kwa watawa watatu wa Kiitaliano. Alipoachiwa mwezi uliofuata akitokea gereza la Muramvya, watu walijaa barabarani kumpokea mpaka mjini, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki. Hakuna aliyewauliza jana walisikiliza nini.

Aprili RPA ikafungwa. Tarehe 13 na 14 Mei, lilipotokea jaribio la mapinduzi, redio zikawa shabaha: RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa, na Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilivamiwa na upande wa pili. Siku zile zile watu walikuwa wanafurika Kagunga, ufukweni mwa ziwa, kipindupindu kikawakuta pale, na waliopona wakaletwa kwetu Nyarugusu. Nakumbuka kijana mmoja aliyeletwa na mabasi ya kwanza. Alikuwa na simu yenye redio ndani, anazungusha masafa kutoka mwanzo mpaka mwisho na kurudi. Nilimwambia hapa ni mbali na Bujumbura, hutashika. Akasema, "Hata kule, kaka. Kule pia ni kimya."

Fikiria mtu angepita Bujumbura na fomu mwezi Juni mwaka ule. Redio ya taifa ingepanda juu kama moshi. Asilimia ni mgawanyo wa waliobaki hewani. Aliyechomwa haonekani ameshuka, anatoka tu kwenye orodha. Hata BBC na Sauti ya Amerika, ambazo watu wengi walizikimbilia, zilisimamishwa Mei 2018, na Machi 2019 BBC ikanyang'anywa leseni kabisa. Ilirudishiwa ruhusa mwaka 2022. Bonesha ilifunguliwa tena 2021, Isanganiro na Rema zilishatangulia 2016. Katikati hapo waandishi waliokimbilia Kigali walitengeneza taarifa zao na kuzituma kwa WhatsApp na kwenye mtandao wa SoundCloud. Mtandao ule unaonyesha namba: imesikilizwa mara elfu kadhaa. Nami nimeona namna inavyosikilizwa. Simu moja juu ya ndoo iliyofunikwa, sauti mpaka mwisho, ndani ya kibanda cha kuchaji, wanaume kumi na wanne wamenyamaza, mmoja anawatafsiria Wakongo wawili. Namba iliongezeka moja.

Koko alifariki 2012. Redio yake ipo, mawe hayamo.

Mwaka jana walikuja tena watu wa fomu. Siku hizi ni kishikwambi, unagusa kioo, hakuna wa kujaza barazani maana kinaandika na mahali ulipo. Aliyekuja kwetu ni binti wa zoni ya jirani, ana adabu, akasalimia wote kabla ya kukaa. Mimi nilimwangalia kichwani kwanza. Hakuvaa kofia.

"Kaka, jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulisikiliza redio gani?"

Jana yake nilikuwa nachimba shimo la choo kutwa nzima, sikugusa redio. Lakini kuna kipindi kimoja cha jioni, sitakitaja, kinasoma majina. Nilimpa jina la redio, nikampa saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani aliyesikiliza nami.

"Wote," nikasema. "Andika wote sita."